Euro Thelathini za Kutolea

Kwetu, mtu aliyelelewa vizuri hatumi pesa kavu. Ukimtumia shangazi yako elfu hamsini kwa simu unaongeza na ya kutolea, ili akifika kwa wakala atoe elfu hamsini zake kamili, asije akakatwa akarudi nyumbani na pungufu na manung'uniko juu. Asiyeweka ya kutolea anasemwa. Hasemwi mbele yake, anasemwa jikoni, watu wakichagua mchele: "Katuma, ndiyo, lakini katuma kavu." Nimeishi London miaka kumi na tisa na nimebadilika mengi, chakula, mavazi, hata namna ya kucheka nikiwa kazini, lakini hilo halijanitoka. Na ndilo lililobakiza kidogo tu limtoe mdogo wangu chuoni.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wetu. Mama alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa tayari huku, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya kusini mwa London, nikaenda Morogoro kuzika. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao kuzungumzia ada ya mtoto. Wajomba wakakohoa, wakatazama viatu vyao. Nikasema nitalipa mimi, na papo hapo kikohozi chote kikapona.

Akasoma, akafaulu, akapata nafasi ya kusomea ufamasia Poland, ambako ada yake mtu wa shifti kama mimi anaweza kuikaribia akijinyima. Nilifurahi nikijua ninavyojua mimi: nikasema afadhali tuko jirani sasa. Kumbe ujirani wa ramani ni kitu kimoja na ujirani wa benki ni kitu kingine. Pesa ya Morogoro naituma nikiwa nimesimama kituo cha basi, na kabla basi halijafika shangazi ameshanipigia kushukuru. Pesa ya Poland, ambako ndege inatua hujamaliza hata kusinzia, ina fomu. Tangu Uingereza ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya kila ninayemuuliza ana maelezo yake kuhusu nani anakata nini njiani, na sijapata kusikia maelezo mawili yaliyofanana.

Miaka miwili ya kwanza tuliponea kwa mhasibu wa chuo, mama mmoja mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa natuma ada na kuongeza kidogo juu, yeye ananiandikia barua pepe fupi ya shukrani, kisha ile ziada anaipeleka muhula unaofuata. Tulielewana vizuri sana, mimi na yeye, kwa Kiingereza cha kuokoteza pande zote mbili. Mwaka wa tatu akastaafu, na chuo kikaikabidhi kazi ya kukusanya ada kwa kampuni fulani ya mtandaoni. Kila mwanafunzi akapewa namba ya akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya ankara yake ile moja tu. Chini ya ankara kulikuwa na mstari wa herufi nene ukisema lipa kiasi hiki hiki, kisizidi wala kisipungue.

Mdogo wangu alinipigia mahsusi kwa ajili ya mstari huo.

"Dada, safari hii tuma kamili kama ilivyoandikwa. Usiongeze kitu."

"Sawa."

"Kweli dada, usiongeze."

Sasa nieleweke. Sisi tumelelewa nyumba moja. Mama yetu alikuwa akikaribishwa chakula anasema ameshiba, anasema hivyo mara mbili, na mwenye nyumba asiye na akili akiamini, mama anarudi nyumbani na njaa na hadithi. Mdogo wangu aliposema usiongeze mara mbili, mimi nilisikia mtoto mwenye adabu. Nikajisemea, masikini, hataki kunilemea. Nikaongeza euro thelathini.

Na si hizo tu. Fomu ya benki iliniuliza gharama za njiani alipe nani: mimi, mpokeaji, au tugawane. Nani atawagawia wageni gharama? Nikabonyeza mimi, zote. Ilikuwa Jumatatu, siku kumi na moja kabla ya mwisho wa kujisajili, na nilijiona mtu wa maana. Nilikwenda kazini siku ile nikiwasalimia hadi watu nisiowapenda.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa ya mapumziko, nipo kwenye kantini ya hospitali na sahani yangu ya wali wa kuku, simu ikaita. Alikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Dada, wanasema hela yako imekataliwa. System inasoma amount si sahihi, wameirudisha."

"Imerudishwa wapi?"

"Huko kwako. Wanasema itachukua siku tano mpaka kumi za kazi. Dada, deadline ni Ijumaa."

Nikamuuliza kwani hela isipofika Ijumaa inakuwaje, kana kwamba sijui. Akanieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu. Asipojisajili Ijumaa jina linaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi. Jina likiondolewa, kibali cha kuishi kinakosa sababu. Kibali kikikosa sababu anarudi nyumbani, katikati ya mwaka wa tatu kati ya mitano.

"Uliongeza?" akauliza.

Nikasogeza sahani pembeni.

"Dada, uliongeza?"

"Kidogo," nikasema. "Ya kutolea."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kuegemea, maana mimi ugomvi naujua. Alisema tu, "Haya dada," akakata simu, nami nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda. Nikaitazama ile simu nikasema kwa sauti, katikati ya kantini ya hospitali ya serikali ya Uingereza, "Shenzi kabisa! Mnakataa pesa? Watu gani nyie mnakataa pesa?"

Meza ya pili, mzee mmoja mwenye kilemba cha bluu na kikoti cha watu wa kujitolea alishusha kikombe chake.

"Dada," akasema, "nani huyo amekataa pesa? Nipe address yake, mimi niende nikachukue."

Nilikuwa nikimwona mara nyingi pale mlangoni akiwaelekeza wageni wodi. Nilimchukulia kuwa mtu wa India, basi. Nikasimama, sijui hata kwa nini, nikasema, "Shikamoo mzee."

Alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Marahaba! Sisi kwetu Nakuru hiyo shikamoo hatukuwa nayo sana, lakini nitaichukua tu. Keti, maliza chakula yako. Niambie."

Nikamwambia yote. Naye akaniambia alizaliwa Nakuru, akaja Uingereza kijana, anaishi Southall, na kwa miaka zaidi ya thelathini alifanya kazi benki, kwenye chumba cha malipo ya nje. Nani angedhani? Ningetafuta mtu wa namna hiyo kwa tochi nisimpate, na kumbe asubuhi nyingi nampita mlangoni. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye euro thelathini, hapo akainua mkono.

"Ngoja. Hiyo thelathini ni ya nini?"

"Ya kutolea, mzee. Wasikatwe."

"Wasikatwe nani? Computer?"

Tulitazamana. Kisha tukacheka wote wawili, mimi machozi yakinitoka na si ya kicheko peke yake. Nilimwambia mzee, mimi nimemponza mdogo wangu kwa adabu. Akasema hapana, kosa lako dogo, njia yako ndiyo ndefu. Akachukua leso ya karatasi akanichorea. Mimi nilikuwa nimepitisha pesa njia ya malipo ya kimataifa, ile ile ambayo ningetumia kutuma Brazili, inayopita benki hii na ile, na kila inapopita panaweza kuwa na mkono unaoonja. Lakini euro inayokwenda nchi ya Ulaya, alisema, ina barabara yake, na Uingereza ilipojitoa kule haikutoka kwenye barabara hiyo. Benki yako inaweza kukutoza ada yake hapa, na unaiona kabla hujatuma. Ukishalipa hiyo, unachoandika ndicho kinachofika. Katikati hakuna anayeonja.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Ukituma kesho asubuhi, Ijumaa iko. Lakini kesho asubuhi, dada, si kesho jioni. Una pesa?"

Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini. Pesa yangu ilikuwa njiani ikirudi, ikionjwa. Nyingine sikuwa nayo.

Mtu mmoja tu niliyemfahamu alikuwa na kiasi kile mkononi wiki ile, naye hatukuwa tukisemeshana.

Tunacheza upatu wanawake wanane, Watanzania na Wakongo wawili, na tunakusanyika saluni moja ya Peckham Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mimi ndiye ninayetunza daftari. Ninajulikana kwa ukali, na nisiwe mnafiki, nilikuwa naupenda umaarufu huo. Kanuni ya kutobadilishana zamu niliiandika mimi. Mwaka uliotangulia mmoja wetu, msusi wa Tanga anayefanya kazi pale pale saluni, aliniomba abadilishane zamu na mwenzake kwa sababu baba yake alikuwa anahitaji kufanyiwa upasuaji wa macho. Yule mwenzake alikuwa ameshakubali. Mimi nikakataa. Nikamwambia tukianza kubadilishana leo kesho kila mtu ana baba. Maneno hayo niliyasema mbele za watu, na wakati ule yalinipendeza. Toka siku hiyo ananisalimia kwa sababu ana adabu, basi, na pesa yake analeta bila kunitazama.

Na Jumamosi iliyokuwa imepita ilikuwa zamu yake ya kuchukua mchango wote.

Nilitoka kazini saa kumi, nikapanda basi la Peckham. Siku nyingine njia ile naipenda, maduka yenye ndizi mbichi na mihogo imepangwa nje, makanisa juu ya maduka ya simu, watu wanaongea na simu kama vile aliye upande wa pili ni kiziwi. Siku ile sikuona kitu. Nilikuwa natunga maneno. Nilitunga ya kwanza nikayaacha Camberwell, nikatunga mengine, na niliposukuma mlango wa saluni sikuwa na hata moja.

Alikuwa anamsuka dada mmoja rasta ndogo ndogo, zile za kumaliza siku nzima. Akaniona kwenye kioo. Hakusimamisha vidole.

"Karibu," akasema.

"Ahsante. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Dakika zikapita. Mwishowe nikasema yote kwa mkupuo, mdogo wangu, ada, kompyuta, euro thelathini, Ijumaa. Nikasema pesa yangu itarudi ndani ya siku kumi na nitaileta kwake siku hiyo hiyo. Nikasema najua yeye ameiweka ya kukodi kiti chake mwenyewe hapo saluni, aache kusukia kiti cha mtu. Nikasema najua sina haki ya kuomba.

Aliendelea kusuka. Yule mteja alikuwa ameinamisha kichwa, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama wima.

"Kanuni inasemaje?" msusi akauliza.

"Inasema hapana."

"Aliandika nani?"

"Mimi."

Akamaliza ule msuko, akaufunga mwisho, akachukua mwingine. "Baba yangu alifanyiwa jicho moja," akasema. "Tulipata ya jicho moja. Waliniambia nichague lipi, nikapigiwa simu hapa hapa nimesimama, nichague jicho la baba yangu."

Sikujua. Naapa sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Mwaka mzima nilikuwa nimenuna kwamba amenuna. Nilitaka kusema samahani na neno likawa dogo, nikalisema hivyo hivyo lilivyo dogo. Nikasimama kuondoka.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Nishikie hizi."

Akaniwekea mikononi fungu la rasta, akajifuta vidole kwenye aproni, akatoa simu mfukoni.

"Taja namba ya akaunti."

"Dada..."

"Taja namba. Usidhani nakupa kwa kuwa nimesahau, sijasahau. Nakupa kwa sababu yule mtoto hakuandika kanuni yoyote. Kiti kitangoja mwezi."

Nikataja namba, tarakimu moja moja, kama naapishwa mahakamani. Pesa ilitoka kwake ikaingia kwangu kabla sijamaliza kusema ahsante, haikukatwa hata peni, hapo hapo kati ya viti viwili. Yule mteja akainua kichwa kwa mara ya kwanza akasema, "Mungu mkubwa jamani," na msusi akamrudisha kichwa chini kwa mkono mmoja.

Nililia kwenye basi la kurudi. Sikulia kwa siri, nililia kama mtu aliyelipa nauli yake. Nimepewa vitu vingi maishani na watu walionipenda. Kupewa na mtu niliyemkosea, anayekumbuka vizuri nilivyomkosea, ilikuwa mara ya kwanza, na mpaka leo nikikumbuka vile vidole anavyovifuta kwenye aproni moyo unanijaa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na shifti kuanzia saa moja. Yule mzee Alhamisi si siku yake. Nilikuwa nimemwomba tu kwamba nikikwama nimpigie, akaniandikia namba kwenye ile leso. Saa tatu na nusu niliposhuka kwa mapumziko ya dakika ishirini, nikamkuta amekaa kantini na kilemba chake, leo cha rangi ya machungwa, na vikombe viwili vya chai mbele yake. Alikuwa ametoka Southall asubuhi yote hiyo, kwa treni ya Elizabeth na basi juu yake, kwa ajili ya dakika zangu ishirini.

"Nikaona simu haitoshi," akasema. "Watu wakitaka kutuma pesa na roho iko juu, wanafinya kitu mbaya. Mimi nimeona sana."

Nikafungua programu ya benki. Ilipofika mahali pa namba ya siri, mzee aligeuza kiti kizima akatazama ukutani, akaanza kusoma kwa sauti tangazo la kunawa mikono, ili nijue kweli hatazami. Nadhani ni mazoea ya kazi yake ya zamani. Nilipomwambia tayari, akageuka.

"Sasa, chagua euro. Usitume pauni wakubadilishie huko. Vizuri. Nchi? Vizuri. Sasa unaona hiyo? Ada yao, hiyo ndiyo yako. Umeiona?"

Nikaiona. Ilikuwa pauni chache, bei ya chakula cha kantini. Juma lililopita nililipa mara kadhaa ya hapo ili nikosee.

"Sasa andika amount."

Nikaandika. Nikaisoma kwenye ankara, nikaisoma kwenye simu. Halafu, na hili nalisema ili mnicheke, kidole changu kikasita juu ya kile kiasi. Nilijua kila kitu, nilikuwa nimechorewa hadi picha, lakini bado tumbo langu lilikuwa linaniambia mtoto wa watu utamtumia kavu hivi?

Mzee akaniona. "Dada."

"Hata mbili tu, mzee?"

"Hata senti! Hata senti moja, dada, tafadhali, mimi nimetoka Southall!"

Nikabonyeza. Skrini ikazunguka, ikatulia, ikasema imetumwa. Tukanywa chai. Nilikuwa nimebakiwa na dakika saba, nikamuuliza mzee nimshukuru kwa kitu gani, maana nilikuwa nimejiandaa kumpikia, kumlipa nauli, chochote. Akakunja ile leso ya karatasi mara nyingi.

"Mke wangu alikuwa wa Kisumu," akasema. "Ameenda, mwaka wa pili sasa. Nyumbani tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili, watoto wasisikie. Punjabi walikuwa wanasikia, English wanasikia. Kiswahili, hapana. Sasa mimi nikikasirika sina mtu wa kugombana naye. Watoto wananiuliza, Dad, are you okay? Mimi nasema okay."

Nikamwambia kwa jambo la kugombana amepata mtu, aulize yeyote wa wodi yangu. Tangu hapo siku zake za kujitolea tunakula pamoja mchana, na hatujawahi kukubaliana juu ya kitu chochote, kuanzia chapati iwe na mafuta kiasi gani. Anasema za kwetu ni godoro. Nami nampa za uso, na jinsi anavyofurahi ungedhani nimemsifia.

Lakini siku ile bado kulikuwa na Ijumaa.

Ijumaa nilifanya kazi kama mashine iliyokosa mafuta. Simu zetu tunaziacha kwenye makabati ya chumba cha kubadilishia nguo, na wodi ilikuwa imejaa; mapumziko yangu yalisogezwa mara mbili. Nilimwogesha bibi mmoja wa miaka tisini, akaniuliza mbona nanong'ona. Nilikuwa nasali. Saa nane na dakika kumi niliachiwa. Sikutembea kwenye korido, na ni marufuku kukimbia kwenye korido.

Simu za mdogo wangu ambazo sikuzipokea zilikuwa saba. Hakuna ujumbe hata mmoja. Nikapiga nikiwa nimeegemea kabati.

Alipokea. Nilisikia kupumua tu.

"Mdogo wangu? Sema basi. Imefika?"

"Imefika," akasema. "Imefika yote, Dada. Wameniandika. Jina lipo."

Kisha akaanza kulia. Ni lazima nieleze kwamba huyu hakulia siku tuliyomzika mama. Alisimama pale na sare yake ya shule, akagawa maji kwa wageni, watu wakasema mtoto jasiri, na mimi nikaondoka kurudi London nikiamini neno hilo. Sasa alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ya mtoto mdogo kabisa, nami nikawa sina la kumfanyia ila kushikilia simu na mikono miwili.

Alipotulia kidogo akasema, "Jana nilifungasha. Sanduku lote. Nikalikalia juu lifunge, halafu nikabaki nimekaa hapo hapo. Nikajiuliza, nikirudi nitafikia wapi? Nyumba ya mama wamepangisha. Kwa wajomba nitasema nini? Dada, nilikaa mpaka taa za nje zikawaka. Niliona kwamba watu wote wana mahali pa kurudi wakishindwa, isipokuwa mimi. Ndiyo maana siwezi kushindwa. Sina pa kushindwia."

Nilikuwa nimemlipia ada tangu kidato cha pili. Nilimnunulia koti la baridi, kompyuta, miwani. Kila muhula niliongeza kidogo juu ili asipungukiwe, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia maneno haya, kwa sababu nilidhani yanajulikana: kwamba mimi nipo hata mambo yakiharibika. Alijua nipo kwa ajili ya kufaulu kwake.

Nikamwambia pale pale, kati ya makabati, wenzangu wakipita kuchukua mikoba yao. Nikamwambia afaulu asifaulu, wamwandike wamfute, kitanda cha sebuleni kwangu ni chake, na ufunguo nitamchongea. Nilisema vibaya, nikarudia, nikachanganya maneno.

"Kile kitanda cha kukunja?" akauliza.

"Hicho hicho."

"Kinachomfinya mtu mgongoni?"

"Nitanunua godoro."

Nikasikia anapenga kamasi. Akasema basi ataomba viza aje Krismasi, na nisinunue godoro kabla hajafika, kwa sababu anataka kulichagua mwenyewe.